Mkopo wa Msimu na Sahihi ya Mkulima

Mazungumzo na wakulima, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na maofisa mikopo wa mabenki, Tabora





Nimeombwa nizungumze juu ya mikopo ya kilimo. Mbele yangu wamekaa watu wa pande mbili: wanaokopa na wanaokopesha. Kwa kawaida pande hizi hukutana mara mbili tu kwa mwaka, siku ya kuweka sahihi na siku ya makato. Siku ya kwanza wote hutabasamu. Siku ya pili, mara nyingi, mmoja wao huondoka sokoni kimya, karatasi ya malipo mkononi, asijue fedha yake imekwenda wapi. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba matanga hayo mengi huanzia siku ya harusi yenyewe, katika maswali ambayo hayakuulizwa.

Deni katika njia ya misafara

Mji huu tuliomo uliinuliwa na biashara ya mkopo. Mfanyabiashara aliyefika Unyanyembe katika karne ya 19 kwa kawaida hakuja na mtaji wake mwenyewe. Alikopeshwa bidhaa Unguja: majora ya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Waliomkopesha walikuwa wafanyabiashara wakubwa, wengi wao Wahindi. Hata Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Tabora, alisafiri kwa mali aliyokopeshwa na Taria Topan wa Unguja.

Tazameni jinsi mkopo ule ulivyokuwa. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Hiyo ni zaidi ya miezi minne ya kuja tu. Bado kulikuwa na kununua pembe, kutafuta wapagazi, kulipa hongo njiani na kurudi. Mkopeshaji alijua kwamba mali yake ingerudi baada ya mwaka au miaka, na huenda isirudi kabisa. Kwa hiyo alijikinga mapema, kwa kupandisha bei ya kitambaa alichokitoa kwa mkopo. Mkopaji alipokea nguo kwa bei aliyopangiwa, na pembe zake zilipofika pwani mara nyingi zilipokelewa na tajiri yuleyule aliyemdai.

Kisha kulikuwa na hatari ya njia. Mwaka 1871 vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikwama hapa kwa miezi kadhaa, kisha akazunguka kwa upande wa kusini. Yeye aligharimiwa na gazeti tajiri la New York, akamudu kuzunguka. Mfanyabiashara mdogo wa mkopo hakuwa na wa kumgharimia. Njia ilipofungwa, bidhaa zake zililala, wapagazi wake walikula, na siku za deni ziliendelea kuhesabiwa. Wala tusisahau kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Palipokosekana mali ya kulipa, binadamu walihesabiwa kuwa mali. Deni lisilo na kanuni hufika mbali.

Nimeeleza habari hizi kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza: pale ambapo bei ya unachokopa na bei ya unacholipia ziko katika mkono mmoja, riba halisi haionekani katika karatasi. La pili: hatari ya njia, yaani vita, mvua au soko, mara nyingi humwangukia aliye dhaifu, isipokuwa makubaliano yameandikwa vinginevyo tangu mwanzo. Leo hatubebi tena pembe wala hatutembei miezi minne, kwani reli ilifika Tabora mwaka 1912. Lakini mambo haya mawili bado yamo katika mikataba yetu.

Mkopo wa pembejeo

Katika Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mkopo mkubwa wa mkulima ni ule wa tumbaku. Mpangilio wake mnaujua kuliko mimi. Chama cha msingi huingia mkataba na mnunuzi na huomba mkopo benki. Mkulima hapewi fedha taslimu. Hupewa mbegu, mbolea, viuatilifu na nyuzi. Vitalu huandaliwa wakati wa kiangazi, miche huhamishiwa shambani mvua zinapoanza, majani huvunwa na kukaushwa katika mabani, na soko hufunguliwa mvua zikiisha. Malipo hupitia chama na benki, makato hufanywa, kinachobaki ndicho cha mkulima.

Mpangilio huu una manufaa. Mkulima asiye na rehani yoyote anapata mbolea kwa wakati. Benki nayo inajua mazao yatapita wapi. Lakini mkulima anapaswa kuyajua mambo manne kabla ya kusaini.

Kwanza, bei ya kila kitu anachopokea. Mfuko wa mbolea wa mkopo ni shilingi ngapi, na dukani mjini ni shilingi ngapi? Tofauti hiyo inaweza kuwa usafiri, inaweza kuwa riba, inaweza kuwa faida ya mtu wa kati. Yote yanaweza kuwa halali, lakini yaandikwe. Mkulima asikubali kusaini fomu ambayo safu ya bei iko wazi na itajazwa baadaye. Mifuko ihesabiwe mbele yake, naye abaki na nakala.

Pili, sarafu. Kwa miaka mingi bei ya tumbaku imetajwa kwa dola ya Marekani, wakati mkulima analipwa na kutumia shilingi. Uliza: deni langu limeandikwa kwa sarafu gani? Shilingi itahesabiwa kwa kiwango cha siku gani, siku ya soko au siku ya malipo? Siku hizo mbili zikitenganishwa na wiki kadhaa, tofauti inaweza kulingana na ada ya shule ya mtoto.

Tatu, daraja. Tumbaku huuzwa kwa makumi ya madaraja, na kilo mbili zilizotoka bani moja zinaweza kupishana sana kwa bei. Mkulima anayepiga hesabu ya kulipa deni kwa bei ya daraja la juu anajidanganya mwenyewe. Piga hesabu kwa daraja la kati, na punguza kilo kwa ajili ya mvua ya mawe. Ikiwa hata hapo deni linalipika na chakula kinabaki, kopa. Ikiwa halilipiki, punguza ekari.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, dhamana ya pamoja.

Deni la mwenzako

Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 100, ambao kila mmoja amepokea pembejeo za shilingi 1,500,000. Deni la chama benki ni shilingi milioni 150. Wanachama 20 hawakuleta tumbaku sokoni. Wengine waliunguliwa na bani, wengine mvua iliwaharibia, na wengine waliuza usiku kwa walanguzi tunaowaita vishada. Pengo ni shilingi milioni 30. Benki haimdai mmojammoja, inadai chama. Pengo hilo likigawanywa sawa kwa wanachama 80 waliobaki, kila mmoja anakatwa shilingi 375,000 juu ya deni lake mwenyewe.

Huyo ni mkulima aliyeamka alfajiri, akachoma kuni zake, akapanga majani yake kwa uaminifu. Anafika nyumbani na karatasi inayosema anadaiwa. Mwaka unaofuata, naye anashawishika kuuza kwa vishada. Hivyo ndivyo chama kinavyokufa: uaminifu unapoanza kuwa hasara.

Dawa yake ipo katika sheria na katika mkutano mkuu. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, chama hakikopi kadiri viongozi wanavyopenda. Kuna ukomo wa madeni, unaopitishwa na wanachama katika mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Ndugu wakulima, ajenda hiyo ndiyo inayoamua makato yenu, lakini mara nyingi husomwa jua likiwa limechwea na watu wamekwisha kuanza kuondoka. Kaeni mpaka mwisho. Ulizeni: mwaka jana tulikopa kiasi gani, tulilipa kiasi gani, nani hakulipa, na kwa sababu gani? Aliyeunguliwa na bani na aliyeuza kwa vishada si watu wa namna moja, wala wasitendewe kwa namna moja. Muhtasari uandikwe, usomwe kwa sauti, na taarifa ya ukaguzi wa hesabu iletwe mbele ya wanachama.

Na maofisa wa mabenki nawaomba jambo moja: msihesabu dhamana ya pamoja kuwa badala ya kazi yenu ya kumjua mkopaji. Kundi la watu 100 ambao hakuna aliyewatembelea shambani si salama kuliko mtu mmoja mliyemtembelea.

Riba inasemaje?

Asilimia ni neno linalotisha, lakini hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukueni shilingi 1,000,000 kwa miezi tisa. Mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwaka utawagharimu shilingi 75,000. Mkopo wa asilimia 3.5 kwa mwezi utawagharimu shilingi 315,000. Masikioni, 3.5 ni ndogo kuliko 10. Mfukoni, ni zaidi ya mara nne. Basi swali la kwanza kwa mkopeshaji yeyote ni hili: ni kwa mwezi au kwa mwaka?

Swali la pili: riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki, au juu ya deni lote la mwanzo hadi mwisho? Mtu akikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12 kwa asilimia 2 kwa mwezi, huku akirejesha 100,000 za msingi kila mwezi, riba juu ya deni linalopungua ni shilingi 156,000. Riba juu ya deni la mwanzo ni shilingi 288,000. Asilimia ni ileile, na karatasi inafanana. Tofauti ni shilingi 132,000.

Sizitaji namba hizi ovyo. Mwezi Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mkopo maalumu wa shilingi trilioni 1 kwa mabenki, kwa sharti kwamba yatakayokopesha kilimo kutokana na fungu hilo yasitoze riba inayozidi asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo mkulima anapoketi mbele ya ofisa mikopo, ana haki ya kuuliza: je, benki hii ina mkopo wa kilimo wa riba nafuu, na mimi nakosa sifa gani? Benki ya Maendeleo ya Kilimo nayo, iliyoanza kazi mwaka 2015, hudhamini sehemu ya mikopo inayotolewa na mabenki mengine kwa wakulima. Ulizeni kuhusu hilo pia. Upande wa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wawe na leseni, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutoza zaidi ya hapo, au asiye na leseni ya kukuonyesha, usimpe sahihi yako wala kadi yako ya benki.

Mkopo usioitwa mkopo

Kuna mkopo mwingine usio na fomu. Wakulima wa kahawa Kagera wanauita butura, wa korosho kusini wanaujua kama kangomba. Nzega na Igunga, katika mpunga, nao upo. Mwezi Januari, njaa ikiwa mlangoni, mtu anakuja na shilingi 50,000. Hadai riba hata kidogo. Anataka gunia moja la mpunga mwezi Juni. Juni inafika, gunia linauzwa 80,000. Mkulima amelipa shilingi 30,000 juu ya 50,000 kwa miezi mitano, yaani asilimia 60. Hakuna benki nchini inayothubutu kuandika kiwango hicho ukutani. Huu ndio mkopo wa Unguja na Unyanyembe umerudi, bei zote mbili zikiwa katika mkono mmoja.

Sitamlaumu mama aliyekubali gunia hilo ili watoto wale. Lakini njia nyingine zipo, nazo hujengwa kabla ya Januari. Kuna akiba ya kikundi au SACCOS. Kuna pia stakabadhi ya ghala, chini ya sheria ya mwaka 2005. Mazao yakipokelewa katika ghala lenye leseni, mkulima hupewa stakabadhi inayotaja uzito na ubora. Anaweza kungoja bei ipande, na stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Kabla ya kupeleka mazao, uliza gharama za ghala, bima ya mazao yakiwa humo, na siku ya kulipwa.

Shamba na nyumba

Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, imewafungulia wengi mlango wa benki. Ni jambo jema, lakini mlango huo una pande mbili. Unapoiweka hati rehani, umeweka mahali watoto wako wanapolala. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama, ukiletewa karatasi uweke dole gumba jioni, useme: nitaisoma kesho mchana, na atakayenisomea nitamchagua mwenyewe. Nawe ofisa wa benki, ridhaa iliyopatikana kwa haraka ndiyo itakayowapeleka mahakamani.

Neno kwa wanaokopesha

Ndugu maofisa, nchi hii ya magharibi ina msimu mmoja wa mvua. Mkulima wake hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mkopo unaodai rejesho Desemba, wakati miche ndiyo kwanza imesimama, unamfundisha mkulima kukopa kwingine ili akulipe wewe. Pangeni marejesho yafuate soko. Na mtaji bila kuijua ardhi hauokoi mtu. Urambo, hapa jirani, ilikuwa moja ya sehemu za mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Matrekta yaliletwa, fedha hazikukosekana, lakini udongo na mvua havikuulizwa. Mpango ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Serikali ya Uingereza ilimudu hasara ile. Mkulima wa ekari tatu hawezi kumudu hasara yake. Mkopo mkubwa kupita uwezo wa shamba si fadhila.

Mambo yakiharibika

Ukiona hesabu usiyoielewa, anza pale ulipokopa. Andika barua, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kanuni za Kulinda Watumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinazitaka taasisi za fedha kupokea na kushughulikia malalamiko. Usiporidhika, peleka shauri Benki Kuu. Kama jambo linahusu chama, nenda kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa. Kama linahusu madaraja au soko la tumbaku, nenda Bodi ya Tumbaku. Ukiona hutaweza kulipa kwa wakati, usijifiche. Nenda benki kabla ya siku ya deni, ueleze, uombe ratiba mpya. Anayekwenda mapema huzungumza kama mteja, na anayetafutwa huzungumza kama mtuhumiwa.

Namalizia kwa maswali ambayo ningependa kila mmoja ayaandike nyuma ya daftari lake, ayasome kabla ya kushika kalamu:

1. Nakopa kiasi gani hasa, na bei ya kila nilichopewa imeandikwa?
2. Riba ni kwa mwezi au kwa mwaka, na ni juu ya deni lililobaki au lote?
3. Ada, bima na tozo nyingine ni zipi, na jumla nitalipa shilingi ngapi?
4. Nitalipa lini, kwa sarafu gani, na kwa kiwango cha siku gani?
5. Mazao yakiharibika, nani anabeba hasara?
6. Wenzangu wasipolipa, mimi nitakatwa nini?
7. Nimeweka rehani kitu gani, na mwenzi wangu ameridhia?
8. Nakala yangu iko wapi?

Mkopeshaji mwema hatachukizwa na maswali haya. Atakayechukizwa atakuwa amekwisha kukujibu.